Tatu na Vidole Vinne

Mpendwa Tata,

Najua ungeshangaa kuona nakuandikia kwa Kiswahili. Mimi na wewe, binti na baba yake, tulizungumza Ekegusii, tukanuniana kwa Ekegusii, na hata siku uliponikuta juu ya mti wa jirani nikila mapera yake, ulinigombeza kwa Ekegusii mpaka nikashuka. Kiswahili kilikuwa cha sokoni Marani, cha wateja waliotoka mbali, na cha mzaha. Ukitaka kuchekesha watu uliingia Kiswahili, kile chako cha "hii maji" na "mtoto yangu", na watu walianza kucheka kabla hujafika penye kichekesho. Nina sababu ya kukitumia leo. Nitaifikia, usiniharakishe.

Una miezi minne sasa kaburini, huko nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mstari wa kwanza wa majani chai. Mama hajaruhusu mtu yeyote aguse kibanda chako cha kazi. Mkasi wa bati umening'inia pale pale kwenye msumari wake, nyundo ya mti iko juu ya gogo, na kamba yako ya mgomba bado imeviringwa kwenye chupa ya soda. Nikija wikendi kutoka Nyakoe napita hapo haraka, macho chini, kama mwanafunzi aliyechelewa anayepita mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Sijaingia hata mara moja.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Leo siichani. Kuna jambo nililokudanganya, na nataka wengine walisikie pia, kwa sababu aibu yako ilionwa na kila mtu na yangu haijaonwa na yeyote. Hiyo si haki.

Wasiokujua ngoja niwaambie: ulikuwa fundi wa bati. Ulitengeneza ndoo, koroboi, mabirika, mifereji ya paa, na yale mapipa ya futi mbili ya kukingia maji ya mvua ambayo karibu kila nyumba ya kwetu ilikuwa nayo kwenye kona. Ulianza kwa kukata kitako cha mviringo. Kisha ulichukua kamba ya mgomba, ukapima upana wa kitako kutoka ukingo hadi ukingo ukipitia katikati, ukailaza kamba hiyo juu ya bati bapa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mwishoni uliweka vidole vyako vinne, kidole gumba ukakiacha nje, ukapiga alama kwa msumari. "Tatu na vidole vinne," ulisema kila mara, hata ukiwa peke yako. Ukakata, ukaongeza ya mkunjo, ukaviringisha, na zile ncha mbili zikakutana bila ubishi. Kipimo hicho ulikipata kwa fundi aliyekufunza kazi, naye alikipata kwa fundi wake. Hakuna aliyewahi kukiuliza maswali.

Mtu wa kwanza kukiuliza maswali nilikuwa mimi, na ndipo taabu yote ilipoanzia.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa hisabati alituambia twende nyumbani tupime kitu chochote cha mviringo, mzunguko wake na upana wake, kisha tugawanye. Unakumbuka nilivyoiba kamba yako? Nilizungusha kwenye sufuria, kwenye kifuniko cha mtungi, kwenye pipa la maji, kwenye sahani za Mama, hata kwenye kichwa cha mdogo wangu, ambacho hakikutoa jibu zuri. Sufuria na sahani na pipa vilitoa jibu moja. Tatu na kitu kidogo. Nilidhani nimekosea, nikarudia, tatu na kitu kidogo tena. Kitu kiwe kidogo, kiwe kikubwa, kiwe cha bati au cha udongo, mzunguko wake unakula upana wake mara tatu na kubakisha kile kile kidogo. Sijui nikuelezeje furaha niliyokuwa nayo. Ilikuwa kana kwamba vyombo vyote vya jikoni vilikuwa vimekubaliana siri, na mimi nimevisikia.

Mwalimu alitupa jina lake, pai, akatuambia kwamba ukiiandika kwa desimali haifiki mwisho wala hairudii mpangilio wake, na kwamba kwa kazi za kawaida tuchukue tatu na moja ya saba. Yaani upana mara tatu, halafu upana huo huo ugawanywe sehemu saba, na sehemu moja iongezwe. Hapo nikakumbuka vidole vyako. Kwenye pipa la futi mbili, sehemu moja ya saba ni inchi tatu na kitu, na vidole vyako vinne ni inchi tatu na robo, nilikuwa nimevipima ukiwa umelala mchana baada ya chakula. Vinalingana! Kwenye ndoo ndogo vidole vilizidi, lakini ziada iliingia ndani ya mkunjo, nani angeiona? Kipimo chako kilikuwa sahihi kwa pipa la futi mbili, na maisha yako yote ulikuwa umetengeneza mapipa ya futi mbili. Shida ingekuja siku utakapopewa kitu kipana. Vidole havikui pamoja na tangi.

Sikungoja ufike nyumbani. Ilikuwa siku ya soko, nikakimbia na daftari mpaka Marani, nikakukuta umezungukwa na wateja. Nikasema, kwa Ekegusii, tena kwa sauti, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikuwa na akili: "Tata, vidole vinne havifai kwa vitu vikubwa. Ni makosa."

Ulinitazama. Kisha ukainua mkasi juu kama kengele ukaingia Kiswahili. "Watu yangu, kujeni muone maajabu! Mtoto yangu anataka kufundisha mimi mviringo. Mwalimu, hii vidole imekata bati kabla mama yako hajanipenda!"

Wee! Walicheka. Kuna mama mmoja aliyekuwa akinunua birika alicheka mpaka akaweka birika chini ashike mbavu. Na wewe ulifurahi kwa kuwa umewachekesha, ukaendelea, "Mwalimu, leta basi hiyo daftari tufungie misumari." Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia, na daftari nililibana kwapani mpaka jasho likafuta hesabu zote.

Tangu siku hiyo ukaniita Mwalimu. Mwalimu, leta maji. Mwalimu, ng'ombe amefungwa? Daima kwa Kiswahili, daima na lile tabasamu la upande mmoja. Mama aliona ni mapenzi. Mdogo wangu alinionea wivu. Mimi kila mara ulipolitamka nilimsikia yule mama na birika lake. Acha niseme ukweli wote, Tata, maana uko mahali ambapo huwezi kukasirika: ulinikosea. Nilikuletea kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupata, ukakigeuza kichekesho cha soko. Nilisema moyoni kwamba siku moja utajua. Nikangoja.

Sikungoja sana. Mwaka uliofuata kanisa letu la Waadventista pale juu ya kilima likaamua kujenga tangi la maji. Waumini walichangia mabati bapa, vijana wakamwaga kitako cha saruji upana wa futi sita, na ukingoni wakachonga mfereji wa mviringo wa kuingizia bati. Fundi ulikuwa wewe. Nani mwingine? Ulitembea wiki nzima kama bwana harusi. Hukuwa umewahi kutengeneza kitu kipana hivyo, na hakuna aliyekuwa amekukumbusha.

Kazi ilikuwa ya Ijumaa. Sabato hiyo kulikuwa na wageni, na mzee wa kanisa, yule mwenye miwani na saa ya mkononi iliyolegea, alitaka tangi liwe limesimama kabla jua halijazama. Nilikuwa nyumbani, likizo. Saa sita hivi Mama akanipa chupa ya chai nikuletee.

Nilikukuta umepiga magoti kwenye nyasi. Ulikuwa umeunganisha mabati yakawa vipande vitatu virefu, kimoja cha pete ya chini, kimoja cha katikati, kimoja cha juu. Vijana wamekaa pembeni wakila miwa. Mzee wa kanisa amesimama nyuma yako, anatazama saa. Ulilaza kamba mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Ukaweka vidole vinne.

Halafu hukupiga alama. Ulibaki hapo, vidole juu ya bati, muda mrefu kuliko nilivyowahi kukuona. Uliitazama ile saruji. Ukatazama vidole vyako. Mzee wa kanisa akakohoa. Ukainua kichwa ukaniona nimesimama na chupa ya chai, ukasema kwa Kiswahili, "Unaonaje, Mwalimu?"

Sikuhitaji karatasi. Futi sita ni inchi sabini na mbili. Gawanya kwa saba, kumi na kitu. Toa vidole vyako. Inapungua inchi saba. Nilijua kabla hujamaliza kutamka jina hilo, na jina hilo ndilo lililonifunga mdomo. Nilidhani unaanza tena. Nilidhani nikifungua mdomo tu utaita vijana waje waone maajabu.

Nikasema, "Wewe ndiye fundi, Tata."

Niliisema kwa upole, macho chini, kama msichana aliyelelewa. Mzee wa kanisa akafurahi, akasema, "Huyu binti ana adabu." Ukanitazama kidogo tena. Kisha ukapiga alama kwa msumari, na kwa sababu jua lilikuwa linakimbia, ukakata vipande vyote vitatu kwa kipimo kimoja. Nilisimama nikasikiliza mkasi ukila bati mpaka mwisho. Nilikumiminia chai na nikaenda zangu.

Jioni niliposikia kelele nikapanda kilimani. Vijana sita walikuwa wanasukuma pete ya chini kwenye mfereji wake, na zile ncha hazikutani. Mzee wa kanisa alidhani wamechoka. "Vuteni! Kwani nyinyi hamjala?" Wakavuta mpaka bati likalia. Ukawaambia waache. Ukaenda ukaingiza mkono wako kwenye mwanya, na mkono ukaingia wote kuanzia ncha ya kidole hadi kwenye kifundo cha mkono. Ukajaribu pete ya katikati. Mwanya ule ule. Hukujaribu ya tatu, ulijua. Wakazisimamisha hivyo hivyo, moja juu ya nyingine, zikafungwa kwa waya ili upepo usizibebe, mwanya umenyooka kutoka chini hadi juu kama mlango usio na ubao.

Ulikuwa umeshachukua kipande cha bati kuukuu na nyundo. Nusu saa ingekutosha uzibe angalau kwa macho. Lakini jua lilikuwa limegusa kilima cha ng'ambo, na mzee akasema, si kwa ubaya, "Fundi, Sabato imeingia. Weka vyombo chini." Kwetu hapo hakuna cha msumari mmoja zaidi. Ukaweka nyundo chini kwenye nyasi, ukaifunika na koti lako.

Kwa hiyo likakaa hivyo siku nzima, Tata. Siku ambayo watu wote wa kilima na wageni wao walivaa vizuri na kupita hapo hatua tano kutoka mlango wa kanisa. Ingekuwa kazi ya Jumatatu, ungeuziba mwanya kabla mtu hajajua. Ungeweza kukaa nyumbani useme kichwa kinauma. Ulikwenda. Ulivaa shati jeupe ukaketi mahali pako, benchi la pili, na mahubiri yote watoto walikuwa nje wakiingia na kutoka kwenye mwanya, wakipiga bati kwa viganja na kuita majina yao yasikike mwangwi. Baada ya ibada tukala pale uani. Watu walikuwa na adabu, ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi. Walikusalimia kwa mikono miwili na kuongea juu ya mahindi. Ulisimama na sahani yako hukula, na masikio yako yalikuwa mekundu, sikujua kwamba masikio ya mtu mweusi kama wewe yanaweza kuwa mekundu.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo mwaka mzima. Nilidhani itakuwa tamu. Haikuwa.

Tuliposhuka kwenda nyumbani ulinifanya nibaki nyuma na wewe. Ukaniuliza kwa Ekegusii, taratibu, bila kunitazama: "Ulikuwa pale na chai. Uliona?"

"Sikuona, Tata."

Tukatembea kidogo. Kisha ukasema, "Basi hatukuona sisi wote wawili." Na ukanishika begani kunivusha kwenye mfereji, msichana wa miaka kumi na sita anayeweza kuuruka mfereji huo akiwa amefumba macho.

Huo ndio uongo wangu. Ni neno moja tu, na nimeishi nalo kuliko nilivyoishi na mtu yeyote.

Jumapili uliziba mwanya kwa kipande cha bati kuukuu. Lilikuwa jembamba kuliko lile la mchango, likashika kutu mapema, na tangi likavuja kwenye mshono huo miaka yote. Watu wakaanza kukuita Fundi Kiraka. Hawakuwa wabaya, watu wetu humpa mtu jina na kuendelea kumpenda. Uliitika. Ulicheka nao. Lakini hukukata kitu kipana tena. Shule ilikuja kukuomba tangi, ukasema mgongo unauma. Ukarudi kwenye koroboi na mabirika, kisha umeme ukaua koroboi, plastiki ikaua ndoo, na mwishowe ukawa mtu wa kuchuma majani chai na kupeleka kwenye kituo, mtu ambaye ana kibanda chenye vyombo safi visivyofanya kazi. Najua plastiki ingekuja hata kama tangi lingekutana. Najua. Lakini ungekutwa na plastiki ukiwa umesimama.

Na hukuniita Mwalimu tena. Sikuligundua mara moja. Ni mpaka nilipohitimu chuo, nikapata kazi Nyakoe, nikaja nyumbani na barua yangu ya kuajiriwa, nikangoja ulitamke. Sasa lilikuwa jina langu la kweli, sasa ningelipenda. Ulisema, "Vizuri sana, Kerubo." Wageni wakija ulinitambulisha: "Huyu binti yangu anafanya kazi kule Nyakoe." Kazi gani? Hukusema. Nadhani uliona jina lile lilinichoma ukaliondoa, na hukujua kwamba ulikuwa umeniachia shimo lenyewe.

Kila mwaka nafundisha duara. Sijui umewahi kutazama vitabu vya hisabati, Tata, vimejaa matangi. Tangi la mviringo lina kipenyo hiki, tafuta mzunguko. Tangi lina kimo hiki, tafuta ujazo. Bomba linajaza, bomba linavujisha. Natembea katikati ya madawati nikiwaona wanavyogawanya kwa saba, wengine wakitoa ulimi nje kwa juhudi, na kila anayepata jibu nampigia tiki. Nawaambia hata hiyo moja ya saba si kamili, inazidi kidogo, kwenye tangi la futi sita inazidi kiasi cha unene wa sarafu. Nawaambia hakuna fundi atakayelaumiwa kwa unene wa sarafu. Mkono mzima ni habari nyingine, lakini hiyo siwaambii.

Wiki yako ya mwisho hospitalini, ukiwa na mpira wa hewa puani, uliniuliza kama lile tangi bado lipo. Nikasema lipo.

"Bado linavuja?"

"Kidogo tu."

Ulicheka, kicheko kikakugeukia kikohozi, nikakuinua mpaka kikapita. Ulikuwa mwepesi hata nikaogopa. Maneno yalikuwa hapa, Tata, mdomoni. Kitanda cha pili kulikuwa na familia yote inasali kwa sauti, muuguzi akasema muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha, na mimi, mwoga, nikashukuru. Nikasema kesho. Kesho yake ulikuwa umelala, na keshokutwa yake hukuamka.

Sasa sikiliza kilichonileta. Kanisa limeletewa tangi la plastiki, jeusi, la kununua. Jumapili iliyopita vijana walibomoa la zamani wakaja kutuuliza kama tunayataka mabati, kwa kuwa ni kazi ya mikono yako. Mama akasema wayalete. Wameyaegemeza kwenye ukuta wa kibanda chako. Nilisimama mbele ya kile kiraka, nikaweka mkono wangu juu yake, ncha ya kidole hadi kifundo. Unatosha kabisa. Nikaenda nikaketi karibu na Mama aliyekuwa akichambua maharagwe, nikamwambia yote. Hesabu, chai, ulichoniuliza, nilichojibu. Nilingoja anitukane.

Mama aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Siku ile chai alikuwa amekunywa."

"Chai gani?"

"Nilimpelekea mwenyewe saa nne, akanywa vikombe viwili. Karibu saa sita akamtuma mama mmoja aliyekuwa anashuka aniambie nipeleke nyingine. Akasema alete Kerubo. Si mdogo wake, Kerubo. Nikashangaa sana, chai ya pili ilikuwa inampa kiungulia."

Niliuliza, nikiwa nimeanza kulia, kwa nini basi hukuniuliza vizuri, kwa lugha yetu, kama baba na mtoto wake.

"Mbele ya mzee wa kanisa?" Mama akasema. "Fundi mzima? Kwa mzaha mtu anaweza kumuuliza hata mtoto. Ndiyo maana alitumia Kiswahili." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Alikuwa na wasiwasi tangu asubuhi. Hakulala vizuri. Alisema vidole vinaonekana vidogo."

Tata. Uliniita. Uliacha kazi, ukatuma mtu, ukangoja huku mzee akitazama saa, ukaniuliza kwa njia pekee uliyokuwa nayo. Jina lile siku hiyo halikuwa la kunicheka. Nadhani ndiyo siku pekee ulilimaanisha. Na mimi nikakuinamishia macho kwa adabu, nikakuacha ukate.

Sijui niombe msamaha namna gani. Msamaha ulishanipa, pale kwenye mfereji, uliposema hatukuona sisi wote wawili. Ulijua. Haiwezekani hukujua, mimi ndiye niliyekuwa nimekuambia sokoni. Uliuchukua mzigo wangu ukaubeba na wako, ukaitika Fundi Kiraka kwa niaba yetu sote, na mimi nikakuachia miaka yote hiyo. Naumia, na sitaki kuambiwa kwamba yamepita.

Kesho nitaingia kwenye kibanda. Nitachukua kamba yako, kama hujakataa, niende nayo darasani, na nitawaambia watoto kuhusu vidole vinne na kuhusu msichana na chupa ya chai. Kaa vizuri huko kwenye migomba. Mama hajambo, majani chai yamechipua baada ya mvua, na mdogo wangu anasema kichwa chake bado hakitoi jibu zuri.

Uliniuliza kwa Kiswahili, nimechelewa kukujibu. Naona inapungua, Tata. Usikate. Ongeza inchi saba.

Ni mimi binti yako,
Mwalimu